TPC, kahawa, viatu au SIDO: darasa la biashara Moshi liende kiwanda gani?

Muhula wa kwanza ukikolea, CR (viongozi wa darasa) wawili watatu hunigongea mlango na swali lile lile: "Mwalimu, ziara ya mwaka huu tunaenda wapi?" Wanauliza kwa heshima tu, maana kura wameshapiga kwenye grupu la WhatsApp la darasa na kura zimekwenda TPC, kiwanda cha sukari. Siwalaumu. TPC kuna safari ya basi, kuna mashamba ya miwa ambayo mwisho wake huuoni, kuna mitambo inayotetemesha sakafu, na picha zake zinapendeza. Ila nimesimamia ziara hizi tangu mimi mwenyewe nikiwa CR, na nimeona darasa zima likirudi na picha mia mbili huku hakuna hata mmoja anayeweza kueleza kiwanda alichotoka kukitembelea kinapataje hela.

Hapo ndipo ninapoanzia kupima. Mwanafunzi wa uhandisi akiingia kiwandani anatazama mashine, na ana haki. Wa biashara anatakiwa kuifuata shilingi: imelala wapi, inavujia wapi, nani anaisubiri. Kuna viwanda ambavyo shilingi hiyo unaiona kwa macho ikitembea, na kuna vingine imefungiwa kwenye ofisi ya mhasibu ambako hamtafika. Moshi tuna bahati, kwa sababu mwendo mfupi tu kutoka katikati ya mji una sukari, kahawa, ngozi, soda na karakana za mafundi. Ninavilinganisha kwa darasa la watu sitini hivi, bumu, yaani hela ya mkopo wa chuo, likiwa limebaki la kubahatisha, na siku moja tu ya kutoka.

Sukari ya TPC

TPC iko Arusha Chini, kusini ya mji, kiasi cha kilomita 20. Ilianzishwa na Wadenmaki miaka ya 1930, baadaye ikataifishwa, na mwaka 2000 ikabinafsishwa kwa wawekezaji kutoka Mauritius na wenzao, wakachukua asilimia 75. Serikali ikabaki na 25. Huzalisha kiasi cha tani 100,000 za sukari kwa mwaka. Historia hiyo peke yake ni somo la umiliki wa makampuni, na mnaweza kulimaliza kwenye basi kabla hamjafika getini.

Cha kutazama pale ni kwamba karibu kila kitu ni chao. Shamba lao, maji ya umwagiliaji wanayasimamia wao, kinu chao, umeme wao. Mua ukishakatwa hausubiri: kadiri unavyokaa, sukari yake inapungua, kwa hiyo ni lazima usagwe ndani ya siku moja au mbili. Hapo shamba, matrekta na kinu vinabanwa kwenye ratiba moja. Trela zikichelewa, kinu kinazunguka bure huku boila inakula moto. Zikija zote kwa pamoja, mua unanyaukia kwenye foleni ya mzani. Mwanafunzi wa ununuzi na ugavi ambaye hajasimama pale mzani nusu saa akihesabu trela zinazoingia, kwa maoni yangu hajaenda TPC.

Kisha kuna jambo la mabaki. Kwa tani moja ya sukari unahitaji kama tani kumi za miwa. Zile nyingine zinakwenda wapi? Sehemu kubwa ni maji. Makapi yanaingia kwenye boila na kutoa umeme unaoendesha kiwanda na pampu za shambani, na ziada huuzwa TANESCO. Molasi nayo hutumika kutengenezea spiriti na chakula cha mifugo. Waulize wanafunzi wa uhasibu wa gharama: gharama ya kulima mua ule mtaigawaje kati ya sukari, umeme na molasi? Darasani swali hilo ni kurasa tatu za kuchosha. Pale unanusa molasi na kuona moshi wa boila, na swali linakuwa na uzito.

Hasara za TPC kama mahali pa ziara ni mbili. Kwanza, kelele na ukubwa. Mwongozaji anapoeleza kando ya kinu, wanaomsikia ni kumi wa mbele. Hamsini waliobaki wanapiga selfi. Pili, ukubwa huohuo unaficha maamuzi. Bei ya sukari, uagizaji kutoka nje, mgao wa mawakala, hayo hayapangwi na msimamizi wa zamu anayewatembeza. Mwanzoni mwa 2024, mvua za El Niño zilipokwamisha uvunaji nchini na sukari ikaadimika hadi Bodi ya Sukari ikatangaza bei elekezi, kila mwanachuo aliijua bei ya dukani kwake. Lakini kiwandani hakuna mashine ya kuonyesha bei ilipandaje. Hilo itabidi mlisome kabla ya kwenda.

Kahawa

Sasa niseme ninachokipenda, nisije nikajifanya hakimu asiye na upande. Kama ningepewa kiwanda kimoja tu cha kupeleka darasa la biashara, ningechagua kiwanda cha kukoboa kahawa cha TCCCo, hapa hapa mjini. Hakuna basi la kukodi. Daladala au bajaji zinatosha. Na wanafunzi wengi wa Kilimanjaro wamekulia kihambani, shamba la nyumbani la familia, wameichuma kahawa, wameianika, wasijue ilikokwenda baada ya kutoka chama cha msingi.

Kinachofanyika ndani ni rahisi kuelewa. Kahawa kavu inafika ikiwa bado na ganda lake jembamba la rangi ya majani makavu. Inakobolewa, inasuguliwa, inapita kwenye machujio yenye matundu ya ukubwa tofauti, kisha kwenye meza zinazotikisika ambazo punje nzito na nyepesi zinaachana. Mwisho wake ni madaraja: AA ni punje kubwa, halafu A, B na mengineyo, na PB, ile punje moja ya mviringo iliyokua peke yake ndani ya tunda. Katika kilo 100 zinazoingia unapata kama kilo 80 za kahawa safi. Kwa hiyo gunia moja la kilo 60 limetokana na kilo 75 za mkulima. Mpe mwanafunzi punje za AA kwenye kiganja kimoja na C kwenye kingine. Ataelewa kwa nini wakulima wawili wa kitongoji kimoja, wenye mizigo yenye uzito sawa, wanalipwa tofauti.

Utamu wa ziara hii kwa watu wa biashara ni huu: kiwanda hakimiliki hata punje moja ya ile kahawa. Kinatoza ada ya kukoboa. Ghala limejaa magunia hadi darini na yote ni mali ya watu wengine: vyama vya ushirika, vikundi vya wakulima, makampuni. Simama katikati ya ghala hilo uulize darasa: "Magunia haya yanaingia kwenye mizania ya nani?" Nimeona wanafunzi wa mwaka wa tatu wenye alama za A wakiduwaa.

Weka sasa viwanda hivi viwili pamoja. TPC akimiliki kuanzia pingili ya mua inayopandwa hadi mfuko wa sukari, anabeba hatari zote, ya mvua, ya wadudu, ya bei, na faida ikija ni yake. Mkoboaji kahawa hana hatari ya bei ya soko la dunia la New York. Arabika ikipanda au ikishuka kule, ada yake ni ile ile. Hatari yake ni moja tu, lakini ni kubwa: mzigo usipokuja. Na mzigo umepungua. Mibuni ya Kilimanjaro imezeeka, vihamba vimegawanywa kwa watoto na wajukuu, wengine waling'oa wakapanda migomba na mboga. Zamani kahawa ya Mbinga na Mbozi nayo ilipanda hadi huku; siku hizi kusini wana vinu vyao. Tangu soko lilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi msimu wa 1994/95, mkoboaji analazimika kuutafuta mzigo, wakati zamani uliletwa tu. Mashine kubwa zilizojengwa kwa ajili ya mzigo wa nchi nzima zinakula uchakavu ule ule zikisaga nusu ya uwezo. Ukitaka kufundisha gharama zisizobadilika, sijui pa kupata mfano bora kuliko huo.

Isitoshe, kahawa ina mlango wa pili. Bodi ya Kahawa iko hapa Moshi, na mkipanga vizuri siku hiyo hiyo mnaweza kuona sampuli zinavyoonjwa: meza ya vikombe, mwonjaji anavuta kwa kijiko kwa mlio mkali, anatema, anaandika. Wanafunzi hucheka mwanzoni. Wakielezwa kwamba mlio ule ndio unaoamua mzigo utaanzia dola ngapi mnadani, kicheko kinakatika. Na kwa chuo cha mji huu, ambako KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro, ilisajiliwa mwaka 1933 kwa nguvu ya kahawa, mwanafunzi wa ushirika kuhitimu bila kuiona njia hiyo ya kahawa ni kama kuishi Moshi bila kuinua macho asubuhi kutazama mlima.

Kasoro ipo. Ukienda nje ya msimu utaona mashine zimefunikwa na mlinzi mwenye usingizi. Mavuno ya huku ni kati ya Julai na Desemba, kiwanda huchangamka baadaye kidogo, kwa hiyo Novemba hadi Januari ndio wakati wake. Na kuna vumbi. Mwenye pumu aje na dawa yake.

Viatu vya Karanga

Kiwanda cha ngozi cha Karanga ni ubia wa PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, na Jeshi la Magereza. Kwa darasa la masoko ningekiweka mbele ya TPC bila kusita. Bidhaa yake mnaivaa. Mshindani wake mnamjua, mmempitia asubuhi pale soko la Memorial: mtumba, na kiatu cha plastiki kutoka China kinachong'aa kuliko ngozi. Swali la masoko haliwezi kuwa wazi zaidi ya hapo. Nchi yenye mojawapo ya makundi makubwa ya ng'ombe Afrika, watu wake wanavaa nini miguuni, na kwa nini?

Jibu la nusu mnalipata palepale mnapooneshwa ngozi inayoingia. Itazameni kwa karibu. Alama ya chapa imechomwa katikati ya ubavu, pahali pazuri kuliko pote. Kuna mikwaruzo ya miiba, madoa ya kupe, na mkato wa kisu cha mchunaji aliyekuwa na haraka ya nyama. Kila dosari inapunguza eneo la kukatia kiatu. Mfugaji na mchunaji hawaoni sababu ya kujali, kwa vile hakuna anayewalipa zaidi ngozi ikiwa safi. Hilo ni tatizo la biashara lililoandikwa juu ya ngozi yenyewe. Wanafunzi wa ununuzi wana lao pia: viatu vya taasisi na majeshi huuzwa kwa zabuni, na zabuni za umma tangu 2023 zinapita kwenye mfumo wa mtandaoni wa NeST. Waulizeni wanavyoshindana humo na wanasubiri malipo kwa muda gani.

Harufu ya ngozi mbichi ni kali. Kila mwaka yupo anayetoka nje, na wala si aibu.

Soda

Bonite, watengenezaji wa soda, wapo hapa mjini, na kiwanda cha vinywaji ni kitamu kwa wanafunzi kwa sababu mnaweza kutoka na soda baridi mkononi. Kuna cha kujifunza: kasi ya mstari wa kujaza, na chupa za kioo na kreti ambazo ni mtaji uliotapakaa kwenye maduka ya watu mkoa mzima. Lakini viwanda vya namna hii kwa kawaida mnapita kwa mbali, usafi hauruhusu mengine, na baada ya dakika kumi chupa ya elfu moja inafanana na ya kwanza. Kizuri kama nyongeza ya saa moja njiani. Kwa siku nzima, hapana.

Mafundi wa SIDO

Hapa ndipo ma-CR hunikunjia uso. "Mwalimu, SIDO? Si ni mafundi tu?"

Ndiyo, ni mafundi, na ndio maana. SIDO ni shirika la umma lililoundwa kwa sheria ya 1973 kuhudumia viwanda vidogo, na ukienda kwenye karakana zake utakuta mtu mmoja ambaye ni mkurugenzi, mhasibu, mnunuzi, fundi na mlinzi. Ukimuuliza bei anakujibu yeye mwenyewe. Hakuna ofisa uhusiano wa kusema "hiyo ni taarifa ya ndani".

Mwaka mmoja tuliingia kwa fundi viatu, chumba kimoja, cherehani mbili. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili, msichana mpole, akamwuliza: "Kaka, jozi moja inakugharimu shilingi ngapi?" Fundi akasema hajui kwa hakika, ila jioni akihesabu hela huwa ipo. Basi wakakaa kwenye viti vya plastiki wakahesabu pamoja, nyuma ya boksi la viatu. Ngozi 12,000. Soli 6,000. Gundi, uzi na bitana 2,500. Msaidizi kwa jozi 5,000. Jumla 25,500, na anauza 35,000. Kinabaki 9,500. Kodi ya chumba kwa mwezi 150,000. Msichana akagawanya kwenye simu, akasema: "Kaka, jozi kumi na tano za kwanza za kila mwezi unamfanyia kazi mwenye nyumba. Ya kumi na sita ndiyo inaanza kukulipa wewe." Fundi alinyamaza kidogo, kisha akauliza na umeme wameuweka wapi. Hawakuwa wameuweka.

Somo hilo mimi hulifundisha kwa saa mbili na grafu. Pale lilichukua robo saa, na aliyemkosoa mwanafunzi ni fundi mwenyewe.

Upungufu ni kwamba karakana haipokei watu sitini. Lazima mgawanyike makundi ya watu sita sita, kila kundi na fundi wake, na mkumbuke mnamla muda wake wa kazi. Nunueni kitu. Anayekatishwa kazi saa nzima kisha akaachiwa "asante sana" mwakani hafungui mlango.

Nani aende wapi

Uhasibu na fedha: kahawa kwanza. TPC ikipatikana katika msimu wa kusaga na mkawa na mwongozaji wa upande wa hesabu, iwe ya pili. Ununuzi na ugavi: TPC, mzani na foleni, mkaache mitambo mingine. Masoko: Karanga, na kabla ya kwenda pitieni Memorial mkaandike bei za mitumba. Ujasiriamali: SIDO, msinibishie. Ushirika: kahawa, wala hakuna mjadala.

Darasa mchanganyiko lenye siku moja ningelipeleka kahawa asubuhi na mafundi mchana. Nauli ni ya daladala, na mtaona ncha mbili za jambo moja: kiwanda kikubwa kinachoishi kwa ada ya mali isiyo yake, na mtu mmoja anayemiliki kila kitu ndani ya chumba kimoja asijue kinamgharimu nini.

Popote mtakapokwenda, tazameni ukutani. Viwanda vingi sasa vina bango la Kaizen, mfumo wa Kijapani uliokuja kwa nguvu hapa nchini tangu 2013: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Msilipige picha bango. Tafuteni ubao wa kutundikia spana, ambako kila spana imechorewa umbo lake, mhesabu mapengo. Bango linawaambia meneja anataka nini. Mapengo yanawaambia zamu ya usiku inafanya nini.

Barua na tarehe

Barua ipitie chuoni, itaje idadi ya watu, kozi, na maswali matano mnayotaka yajibiwe. Barua isemayo "tunaomba kujifunza shughuli za kiwanda" inawapatia mwongozaji yeyote aliye huru siku hiyo. Mkiandika kwamba mnataka kujua wanavyopanga bei na wanavyokopesha mawakala, kuna uwezekano wa kuletewa mtu wa mauzo. Viatu vya kufunika vidole, wote. Nimewahi kuwaacha wanafunzi wanane getini kwa ajili ya kandambili, na mmoja wao ndiye aliyeandaa ziara.

Na tarehe. Kuna kiwanda, nisikitaje, tuliwahi kukiandikia, tukajibiwa vizuri, tukachanga hela ya Kosta mbili, tukafika saa tatu asubuhi tukiwa tumepiga pasi. Kimya. Mitambo ilikuwa imefunguliwa yote kwa matengenezo ya mwaka, vyuma vimelala sakafuni, mafundi wamelala chini yake. Mwenyeji wetu akasikitika kweli: "Lakini barua yenu iliomba kutembelea, haikuuliza kama tunazalisha." Tulizunguka dakika arobaini tukioneshwa mahali ambapo kitu fulani kingekuwa kinapita. Tangu siku hiyo barua zangu zina mstari mmoja wa ziada, chini kabisa, nimeupigia mstari kwa kalamu nyekundu: tarehe hiyo mtambo utakuwa unafanya kazi? Na siku mbili kabla ya safari CR anapiga simu kuuliza tena.